Uzito Mbele, Uzito Chini

Khotsa,

Barua yoyote huanza kwa kumjulia mtu hali, lakini wewe nitakujulia vipi? Basi chukua ya kwangu: nimechoka. Niliamka nikiwa nimechoka, na nadhani nitalala hivyo hivyo. Msimu wa miwa umepamba moto. Matrekta yanapanga foleni pale kiwandani kutoka langoni hadi barabarani, na mimi nimekaa katika kibanda changu cha mizani nikiandika uzito wa kila trela mpaka mgongo unaniuma. Leo ni Jumapili. Mama amejilaza baada ya chakula, nyumba hapa Amalemba imetulia, nikasema nikuandikie kabla sijapata kisingizio kingine.

Ni miezi tisa tangu tukuzike, mjomba wangu. Mama bado akitaka kusema jambo la utotoni huanza, "Ngoja tuulize kaka yangu," halafu hunyamaza na kushika magoti yake kana kwamba ndiyo yaliyosema. Anti Rasoa hajambo. Ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama jike, na kofia yako bado iko kwenye msumari wa barazani kwa sababu hakuna aliyethubutu kuitoa. Hakuna anayeniita Mizani tena. Jina lile ulinipa wewe siku nilipoajiriwa, ukalitangaza boma zima: "Mpwa wangu sasa ni Mizani, msimdanganye!" Kazini wananiita kwa jina la kwenye kitambulisho. Sikujua kama mtu anaweza kulikosa jina la utani namna hii.

Lakini sikukuandikia kwa sababu ya ng'ombe. Nimekuandikia kwa sababu ya lile gari.

Siku ya kunyolewa nywele za msiba, watu walipokaa uani na vitu vyako vikatolewa nje kugawiwa, mzee aliyekuwa akiongoza kikao alisema omwiwa aitwe kwanza. Mtoto wa dada hanyimwi kitu kwa khotsa wake, hilo hata kuku wanalijua. Walikuwa wamelitandika juu ya kiti lile koti lako la sufu, na redio kando yake, wakijua nitachukua kimoja kati ya hivyo. Nikanyoosha kidole kwenye gari la rimoti. Watu walicheka, na ulikuwa mwanzo wa watu kucheka tangu msiba uanze. Mama mmoja nyuma yangu alisema, "Aki huyu, anaacha koti anachukua toi!"

Wewe na mimi tunajua lilitoka wapi, lakini acha niandike, maana kuandika kunanituliza. Mgeni mmoja aliyekuja kutazama ndege pale msituni Buyangu aliliacha likiwa limekatika ekseli ya mbele. Mtembeza wageni akakuletea, kwa sababu kila kilichovunjika upande ule wa msitu kililetwa barazani kwako, kuanzia redio hadi jembe. Ulikuwa umestaafu trekta na mikono yako ilikuwa haina kazi. Ukalifungua lote ukalitandaza juu ya gunia, na Anti Rasoa akasema sasa mume wake amerudi utotoni na wala hakuaga.

Halikuwa gari la kukimbia. Lilikuwa gari la kutambaa juu ya mawe, polepole, tairi moja likiwa juu na jingine likiwa shimoni, na mwili wake ukipindapinda katikati bila kuvunjika. Urefu wake ulikuwa kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Ulipolifufua tukalipeleka nyuma ya jiko, kwenye lile jiwe kubwa ambalo Anti Rasoa anaanikia mahindi juu yake. Upande wa jikoni jiwe linapanda kwa mteremko, kisha katikati lina ngazi moja ya kwenda juu, kimo cha sufuria ya ugali. Tukaipa jina Kizingiti. Kazi ilikuwa moja tu: gari livuke Kizingiti lifike kwenye mahindi.

Miaka miwili, Khotsa. Kila Jumamosi niliyopata nafasi. Watu wazima wawili, mmoja na mvi, tunachuchumaa mbele ya jiwe tukibishana betri ikae wapi.

Mimi nilidhani nguvu ndiyo shida, nikataka mota kubwa. Wewe ukasema mota haina makosa. Ulinionyesha kwa kidole: gari likianza kupanda, uzito wote hukimbilia nyuma. Tairi za mbele hubaki nyepesi, zinakwaruza jiwe bila kulishika, halafu gari linanyanyua pua na kuanguka chali miguu juu. Kitu kizito kuliko vyote ndani yake ni betri, kwa hiyo betri ndiyo ya kuhamishwa. Tuliiweka nyuma, likaanguka kabla hata ya kufika Kizingiti. Tukaiweka katikati, likafika, likagusa, likaanguka. Tukaisogeza mbele kabisa, puani, likashika vizuri ajabu, lakini lilipoinamia kijishimo kilicho kabla ya Kizingiti likajitupa kichwangomba. Ukasema, "Sasa tumezidisha. Limekuwa kama mlevi anatafutanga kiatu yake." Nilicheka mpaka Anti Rasoa akatoka jikoni kuona nani anakufa.

Halafu ukasema yale maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi kuliko Baba Yetu: "Uzito mbele, uzito chini. Zingine ni mapambo." Mbele kidogo ya katikati, si puani. Na chini iwezekanavyo, karibu na ekseli, kwa sababu kitu kilichobebwa juu huyumba, na gari likipita ubavuni mwa jiwe, kile cha juu ndicho hulivuta liviringike.

Nilijua ulikoyapata. Ulikuwa hupendi kuisimulia hadithi ile, lakini nyonga yako iliisimulia kila ulipoinuka kitini. Trekta lako lilikuwa likipanda kutoka mtoni na trela la miwa lililojazwa kupita kiasi, na mtu alikuwa ameviondoa vile vyuma vya uzito vya puani akavifunge kwenye trekta jingine. Tairi za mbele ziliiacha ardhi. Uliniambia jambo baya kuliko maumivu lilikuwa kuzungusha usukani ukiwa hewani, unazungusha na hakuna kinachokusikia. Ulilazwa muda mrefu. Baadaye nilipoanza kazi ya mizani ukaniambia, "Mizani yako inajuanga ni kiasi gani. Haijui kimekaa wapi." Nilitabasamu tu. Nilikuwa na cheti changu kipya, na wewe ulikuwa mzee wa trekta.

Sasa nifike kwenye ile siku. Nimeizunguka kwa kurasa mbili, na wewe unanijua, najua unaniona nikizunguka.

Betri ya awali ya gari ilikuwa ndogo, nyepesi na imezeeka. Tukijaribu mara tano sita, imekwisha, na wewe unakaa kuingoja kama mtu anayengoja zamu hospitalini. Nikaona nikufanyie jambo. Nikampelekea fundi wa simu kule Shieywe seli za laptopu kuukuu, akazilehemu pamoja zikawa betri moja kubwa, akaifunga kwa utepe wa bluu. Nikaandika juu ya utepe kwa kalamu nene, herufi kubwa, KHOTSA. Sijawahi kukupa zawadi niliyoifikiria kiasi kile. Nilikuja nayo Jumamosi moja, moja kwa moja kutoka kazini, sijalala vizuri wiki nzima, njaa inaniuma, na furaha yangu yote iko ndani ya mfuko ule wa plastiki.

Haikuingia mahali pa ile ndogo. Nikasema basi tuifunge juu ya paa. Ulitikisa kichwa, ukasema, "Mwiwa wangu, utambebesha mtoto gunia kichwani." Mimi nikaifunga hata hivyo, kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Gari likapanda, likayumba kabla ya kufika Kizingiti, likaviringika hadi kwenye majivu ya jiko. Nikalirudisha. Likaviringika tena. Ukasema kwa upole, na upole wako ndio ulioniudhi, "Hata trekta..."

Nikakukatiza. Nikasema, "Khotsa, hili si trekta. Na wewe si dereva tena."

Ulimi hauna mfupa. Nimekuwa nikijiambia nilikuwa nimechoka, na ni kweli nilikuwa nimechoka, lakini uchovu haukuyatunga maneno yale. Niliyachagua mwenyewe. Nilijua mahali penye kidonda, nikagonga hapo hapo. Ulivua kofia, ukaitazama ndani kama unatafuta kitu, ukaivaa tena. Ukasema, "Ni kweli." Nilichukua mkoba wangu nikaondoka bila kunywa hata chai, na Anti Rasoa akabaki mlangoni ameshika kikombe.

Miezi minne sikuja. Wiki ya kwanza ilikuwa hasira, wiki ya pili ikawa aibu, na aibu ikikomaa huwa nzito kuliko hasira. Kisha msimu ukafika, magoti ya Mama yakazidi, na kila Jumamosi nikapata sababu. Nilisema nitakuja Pasaka. Nilisema nitakuja mvua ikipungua. Uliniletea mahindi mabichi kupitia kwa jirani, mara mbili, na sikupiga simu hata ya kushukuru, kwa sababu ningeanzaje?

Anti Rasoa ndiye aliyepiga. Ilikuwa saa tisa alasiri na nilikuwa na trela juu ya mizani. Alisema ulikuwa barazani unachezeachezea gari, ukamwomba maji, na aliporudi na kikombe alikukuta umeegemea nguzo, bisibisi mapajani. Presha, walisema daktari na watu wote. Dereva wa trela alinipigia honi kwa sababu nilikuwa sijamruhusu aondoke.

Ndiyo maana sikutaka koti. Nilitaka gari. Nilitaka kuona kama betri yangu bado iko.

Nilipolitazama pale uani siku ya kunyolewa, paa lilikuwa tupu. Ukanda wa tyubu umekatwa kwa kisu, na vipande vyake vinaning'inia. Nikamwuliza Anti Rasoa kwa sauti ya chini, naye, maskini, akanijibu alichojua: "Ile betri yako? Aliitoa hapo juu siku ile ile uliondoka." Sikuuliza swali la pili. Nikaona yote: mimi nafunga lango, wewe unachukua kisu, unakata, unatupa zawadi yangu kwenye shimo la takataka pamoja na mimi mwenyewe. Nikasema moyoni, amekufa na maneno yangu kifuani. Mama ndiye aliyelifunga gari kwa leso na kulibeba hadi nyumbani, mimi hata sikuligusa. Tulipofika nikalisukuma kwa mguu likaingia chini ya kitanda chake. Humo likakaa.

Khotsa, nilikuwa sipati usingizi wa maana. Nilikuwa naandika uzito wa watu wengine mchana kutwa, na wangu hakuna wa kuupima. Nilikonda mpaka Mama akaanza kuniombea kwa jina kanisani, nikaona haya. Mara nyingine nilikukasirikia wewe. Nilisema, huyu mzee angeweza kunipigia simu. Angeweza kunitukana, tukamaliza. Halafu nakumbuka mahindi mabichi.

Wiki tatu zilizopita Mama akachoka. Akasema, "Toa hiyo gari ya kaka yangu chini ya kitanda. Nikifagia inanigonganga mguu." Nikaamua nimrudishie yule mtembeza wageni, mambo yaishe. Nikapiga magoti, nikaingiza mkono, nikalishika mgongoni nilinyanyue kama nilivyozoea kulinyanyua kwa mkono mmoja.

Halikunyanyuka. Au tuseme nyuma ilinyanyuka na pua ikabaki sakafuni.

Mimi, ambaye mkate wangu ni kupima uzito, nilikuwa nimekaa na kitu kile nyumbani miezi yote hiyo bila kukinyanyua hata mara moja. Nilitazama paa, nikaona tupu, nikahukumu. Uliniambia mizani inajua kiasi haijui mahali. Mimi nikafanya kinyume chake: nikatazama mahali, nikasahau kiasi. Betri ile kubwa, kama ingetupwa shimoni, gari lingekuwa jepesi. Mtoto wa chekechea angejua.

Nikaligeuza. Chini ya tumbo ulikuwa umefunga bamba la bati lililokatwa kutoka debe la mafuta ya kupikia, ukalipaka rangi nyeusi lisionekane. Skrubu nne. Nilizifungua kwa kisu cha jikoni kwa sababu mikono yangu haikuwa na subira ya kutafuta bisibisi.

Ulikuwa umeigawa. Betri yangu. Uliikata katikati, seli mbili huku, seli mbili kule, ukailaza kila nusu upande wake wa shasi, nyuma kidogo tu ya tairi za mbele, chini kabisa ambapo kitu kinaweza kukaa bila kukwaruza jiwe. Mbele, lakini si puani. Utepe wa bluu hukuubandua. Upande wa kushoto ulisomeka KHO na upande wa kulia TSA. Niliona alama za tupa ambapo ulipunguza bati ili tairi likikata kona lisiguse. Nyaya uliziacha na ulegevu wa kutosha ili ekseli ikipinda zisikatike. Na risasi ya kulehemu, Khotsa, ilikuwa mabongemabonge, imemwagikia pembeni, kazi ya mkono unaotetemeka. Wewe ambaye ulikuwa unalehemu safi mpaka fundi wa Shieywe anaona wivu. Ilikuchukua siku ngapi? Uliifanya miezi ile minne mimi nikijificha?

Nililia pale sakafuni, na Mama akaja akashika ukingo wa kitanda, akatazama, akasoma herufi, akasema tu, "Kaka yangu hakuwanga mtu wa kutupa kitu." Kisha akaniambia niinuke, sakafu ni baridi.

Hukuitupa. Na hukukubali mahali niliposema iwekwe. Uliichukua zawadi yangu yote, hukuacha hata seli moja, ukaitafutia mahali pake. Nimejaribu kueleza jambo hili kwa watu wawili na wote wameniambia ni betri tu.

Sasa sikia na hili, kwa sababu sitaki nikufiche. Kila nusu uliitia waya wake na plagi yake, iliyotokeza nje ya bati, na mazoea yako yalikuwa kuchomoa nyaya zote kila mchezo ukiisha. Ulinigombeza mara ngapi kwa kusahau? Lakini upande wa kulia ulikuwa umechomolewa na wa kushoto bado. Nikaelewa. Ulikuwa umeanza kuchomoa, ukasikia kiu. Nusu ile ya kushoto ilibaki imeunganishwa, na kidogo kidogo umeme wake ukavuja wote chini ya kitanda cha Mama. Fundi wa Shieywe akaipima, akatikisa kichwa. "Hii imeenda, madam. Ukiichaji saa hii inaweza kukuchomea nyumba." Hii nyingine akasema iko sawa kabisa. Kama ningelinyanyua gari wiki ile ya kwanza, zote mbili zingekuwa hai. Majuto ni mjukuu, na mjukuu wangu huyu anaitwa KHO.

Jumamosi iliyopita nikaja kwako. Nilipita kaburini kwanza, nikang'oa majani mawili matatu. Anti Rasoa alikuwa ameanika mahindi. Akaniona na gari akakaa kwenye kigoda.

Nilikuwa nimeitoa ile nusu iliyokufa. Niliona haina kazi, ya nini kulibebesha gari maiti? Fundi alisema nusu moja inatosha kuliendesha, ila muda wake utakuwa mfupi. Nikaliweka chini ya jiwe, nikabonyeza. Likapanda vizuri hatua za kwanza, kisha likaanza kuinamia kulia, ule upande wenye betri, na tairi za kushoto zikaning'inia. Likaviringika hadi kwenye majivu. Mara ya pili likafanya vilevile. Mara ya tatu nikalidaka kwa mkono kabla halijaanguka, nikakaa nalo mapajani, nikachoka kabisa, uchovu ule wa mtu kutamani kulala papo hapo juu ya jiwe.

Halafu nikakusikia. Si sauti, usinifanye mtu wa mizimu. Nilikumbuka tu unavyovuta pumzi kabla ya kusema jambo lililo wazi.

Nikaitoa KHO mkobani. Nilikuwa nimeuziba mdomo wa waya wake kwa utepe kama fundi alivyonielekeza, haiunganishwi na kitu chochote tena. Nikairudisha mahali pake upande wa kushoto, nikafunga bati, skrubu nne. Haina umeme hata chembe. Ina uzito.

Nikaliweka gari chini ya jiwe. Likapanda limenyooka. Likafika Kizingiti, tairi za mbele zikagusa, zikakwaruza kidogo, nikangoja pua inyanyuke kama ilivyonyanyuka miaka miwili yote ile. Haikunyanyuka. Mpira ukauma jiwe. Gari likajikunja katikati, mbele juu, nyuma chini, likajivuta polepole kama mama mjamzito anayepanda ngazi, na tairi za nyuma nazo zikafika, zikasukuma. Likavuka. Likaenda moja kwa moja likaingia katikati ya mahindi.

"Toa hiyo kitu kwa mahindi yangu!" Anti Rasoa alipiga kelele, vilevile alivyokuwa akikupigia wewe kila Jumamosi, ingawa wewe hukuwahi kuyafikia. Nadhani ilimtoka kabla hajafikiri. Tukatazamana. Akajifunika uso kwa aproni yake, na mimi nikaenda nikakaa naye kwenye kigoda kimoja, kigoda chembamba kile, tukalia na tukacheka, na gari limesimama kule juu na punje za mahindi kwenye tairi. Baadaye akanipikia ingokho, kuku wa kienyeji, akanitazama nikila mpaka nikamaliza.

Nilikosa, Khotsa. Nilikosa kwa maneno yale, nikakosa tena kwa kutokuja, nikakosa mara ya tatu kwa kudhani wewe unaweza kunitupa. Ulikuwa dereva. Hata bila trekta ulikuwa dereva, na mimi ndiye niliyekuwa nazungusha usukani hewani.

Siku hizi nimeanza kutoka kibandani. Trela likiwa juu ya mizani naandika kiasi, halafu nashuka kulizunguka, naangalia miwa imekaa wapi. Kama imelundikwa vibaya namwambia dereva. Najua miwa imeshafika, lakini dereva huyo kesho anarudi shambani, na njia ya mtoni bado iko. Wengine wananiona msumbufu. Mmoja aliniuliza, "Madam, wewe uliendeshanga trekta?" Nikamwambia hapana, khotsa wangu ndiye. Hilo nakuahidi nitaendelea nalo, nikiwa nimechoka au nisipochoka. Na Jumamosi nitakuwa nakuja. Anti Rasoa nimeshamwambia asinipikie, akanitazama kwa dharau.

Ile nusu iliyokufa sitaitoa. Fundi anataka anitafutie seli nyingine hai, nimemwambia aache kwanza. Muda wa kucheza ni mfupi, unatosha kupanda mara tatu tu. Nikifika juu mara moja kwa siku nimeridhika.

Mama ameamka, nasikia anatafuta viatu vyake. Pumzika, Khotsa wangu. Gari liko hapa mezani karibu na karatasi hii, swichi nimezima, na ule waya uliokubakia siku ile nimekuchomolea.

Ni mimi omwiwa wako,
Mizani